Vidole vya Kipimo

Baba yangu aliitwa Kipimo, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanunuzi wa mbwa, kwa sababu ya vidole. Alikuwa akimchukua mtoto wa mbwa wa wiki tatu, anamweka juu ya meza ya mbao iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, anamvuta ngozi ya shingo kwa mkono wa kushoto, kisha anaifikicha kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, akishuka nayo taratibu kutoka kisogoni mpaka karibu na mkia. Macho hakuyatumia kabisa. Aliyaelekeza ukutani, utadhani mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Mwishoni alisema neno moja kati ya mawili. "Safi." Au, "Uzi."

Nieleze mapema, maana si kila mtu amekulia nyumba ya mbwa kama mimi. Mbwa wetu walikuwa wale wakubwa wa kahawia, wa ulinzi, ambao katikati ya mgongo wana mstari wa manyoya yanayoota kinyume, yakielekea kichwani wakati mengine yote yanaelekea mkiani. Watu waliwaita mbwa wa mstari. Ni mbwa wazuri, lakini wana ila yao ya kuzaliwa nayo. Baadhi yao huzaliwa na kitundu kwenye ngozi, shingoni au mgongoni, kidogo kiasi kwamba jicho halikioni. Kutoka kwenye kitundu hicho mrija mwembamba huingia ndani. Mwingine huishia kwenye nyama, mwingine hufika hadi kwenye uti wa mgongo. Humo hujaa manyoya na uchafu, vikaoza, na usaha ukifika kwenye uti, mbwa anapooza. Kwa kidole, ngozi nzima huteleza bila shida. Ngozi yenye ila imeshikwa kwa chini, kama kifungo kilichoshonwa kwa kukazwa mno, na ukiifikicha unausikia huo mrija ukibingirika. Baba aliuita uzi.

Kazi hiyo alijifunza kwa Bosi wake, ambaye Baba alimwoshea mabanda kwa miaka kumi na tisa. Bosi alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mwenye uzi haishi. Ya pili, aliyezaliwa bila mstari haishi, hata kama ni mzima na anang'ata, kwa sababu mnunuzi akimwona huyo atawatilia shaka na ndugu zake. "Mstari ndio cheti chao," Bosi alikuwa akisema. Siku alipofunga biashara na kuhama, wafanyakazi wengine walipewa kiinua mgongo. Baba alipewa mgongo wenyewe, ukiwa na mbwa jike mwenye mimba chini yake. Akaja naye nyumbani kwa mguu, akamwambia Mama, "Tumepata mtaji." Mama akamtazama yule mbwa, akasema, "Mimi naona tumepata mke mwenza."

Hakukosea sana. Uji wa mbwa ulikuwa unainjikwa kabla ya wetu. Jike akiumwa uchungu, Baba analala bandani. Nasema hivi ili ujue kwamba hakuwa mtu katili, maana sasa nafika kwenye ndoo.

Ilikuwa ndoo ya bati iliyojaa maji, yenye kifuniko, na juu ya kifuniko aliweka tofali. Aliifanya kazi ile alfajiri, peke yake, na hakumruhusu mtu kuikaribia. Akishaweka tofali alikuwa anakwenda mpaka getini, anarudi, anakwenda tena. Halafu ananawa mikono mpaka sabuni inakonda. Siku hiyo hanywi chai. Mama hakuuliza kitu, aliirudisha chai kwenye chupa na kuendelea na shughuli zake. Simtetei. Au labda namtetea, ni baba yangu.

Tulizaliwa wawili tu, Dada na mimi, tumepishana miaka minne. Dada alikuwa na miaka kumi na mmoja siku ambayo jike mmoja alizaa Baba akiwa amesafiri kupeleka mbwa kwa mnunuzi. Alizaa wanane. Saba walikuwa na mstari, wa nane mgongo wake ulikuwa mtupu. Dada akamchukua huyo kabla Baba hajarudi, na Baba alipouliza wangapi, akajibu "saba" bila kupepesa macho. Tangu siku hiyo niliogopa kucheza naye karata.

Alimficha stoo, nyuma ya magunia ya pumba, ndani ya sanduku la mbao. Alimnywesha maziwa kwa kitambaa, na Baba akitoka alikuwa anamkimbiza bandani akanyonye kwa mama yake. Akampa jina. Alimwita Tambarare, kwa ajili ya ule mgongo wake usio na kitu. Jina hilo tulilijua sisi wawili tu. Mama nadhani alijua kuna mbwa, kwa kuwa maziwa hayapungui yenyewe, ila Mama alikuwa hodari wa kutojua.

Ilipofika wiki ya tano Tambarare alikuwa anazijua hatua zetu, na alikuwa na tabia ya kuning'ata pindo la gauni. Nilitaka nimbebe. Dada alikataa, akasema mikono yangu imejaa mafuta, nitamwangusha. Nikanuna. Mchana ule tukiwa mezani, nikasema, "Baba, Dada ana mbwa wake hana mstari."

Hivyo tu, wala sikuulizwa. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi sikujikwaa. Nilirusha teke makusudi.

Baba aliweka kijiko chini. Dada alitoka mbio, akajifungia stoo. Mlango ule komeo lake lilikuwa bovu, hata mimi ningeweza kulisukuma, lakini Baba alisimama nje yake kitambo kirefu, mkono ukiwa kwenye ubao. Kisha akafungua. Mama akanivuta na kunifunika uso kwa nguo yake. Nilichosikia ni kifuniko cha ndoo.

Dada hakulia. Siku tatu hakumsemesha Baba, na siku ya nne akaanza kumsemesha kwa kiasi cha haja tu, na kiasi hicho hakikuongezeka tena. Salamu hakuacha, alilelewa. Alipomaliza shule akaenda kusomea ualimu, akaolewa mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi, na kila Jumapili alikuwa anapiga simu kumsalimia Mama. Ikitokea Baba ameipokea yeye, mazungumzo yalikuwa haya: "Shikamoo Baba." "Marahaba, mwanangu." "Naomba Mama." Miaka ishirini na zaidi, maneno yao yote ungeweza kuyaandika kwenye kasha la kiberiti.

Mimi hakuninunia hata siku moja. Hakuwahi kunilaumu wala kulitaja jambo lile, na hilo ndilo lililonila. Unangoja fimbo miaka yote, haiji, na mgongo uko tayari.

Nilisomea ushonaji, nikaolewa, nikarudi. Hiyo ni hadithi nyingine na haina mbwa. Nikaweka cherehani yangu barazani, nikabaki na wazazi, na Mama alipofariki nikabaki na Baba. Alikuwa amezeeka lakini bado akifuga, bado meza iko nyuma, bado watu wanatoka mbali kumwona Kipimo akifunga macho ya kichwani na kufungua ya vidoleni.

Asubuhi moja alikaa karibu nami barazani, akachukua shati la shule nililokuwa nimelibana kwa pini, akawa analigeuzageuza huku ananisimulia habari za jirani. Nikaona doa jekundu kwenye kitambaa cheupe. Likawa mawili. Pini ilikuwa imezama kwenye kidole chake cha shahada, kile chenyewe cha kazi, mpaka kichwani, na yeye anaendelea kunichekesha.

"Baba, kidole!"

Alikitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine kilichosahauliwa mkononi mwake. Akaichomoa ile pini bila kukunja uso. Nilimpeleka zahanati siku hiyohiyo. Walisema ni kisukari, kimekaa muda mrefu bila kujulikana, kimekula mishipa ya fahamu ya miguu na sasa kiko kwenye vidole vya mikono. Ganzi hiyo huenda ikapungua kwa dawa, huenda isipungue.

Tulipokuwa tunarudi alisimama katikati ya njia. "Usimwambie mtu."

"Mtu gani, Baba?"

"Yeyote. Kipimo asiyepima ni nani?"

Nikamwahidi. Nilijiona nimekua, nimejifunza kufunga mdomo.

Haikupita miezi miwili, Jumapili moja Dada akanipigia. "Mpe Baba simu," akasema. Niliacha pasi juu ya gauni la mtu, nikaenda mbio. Baba akaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikangoja "naomba Mama," na Mama tumeshamzika. Badala yake nikasikia Dada anakohoa kidogo. "Baba, mjukuu wako ananisumbua anataka mbwa. Nimemwambia babu yake ndiye ajuaye mbwa. Je, kuna watoto?"

Baba alitafuta kiti kwa mguu, akakaa. "Wapo," akasema. "Wana siku nne. Mje wakitimiza wiki nane. Nitamchagulia mimi mwenyewe." Simu ilipokatika aliendelea kuishikilia sikioni. Gauni la mtu liliungua, na sikujali.

Walikuwa sita bandani. Watano wa mstari, mmoja mtupu. Huyo mtupu alipaswa kuwa ameshaiona ndoo, ila miguu ilikuwa inamuuma Baba siku zile na kazi ikachelewa. Jioni ile alisimama mlangoni mwa banda akimwangalia. "Huyu aachwe anyonye," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa. Alipofikisha wiki sita akamfunga ndani ya koti, akampelekea fundi viatu wa kwenye kona, akamwagiza kwamba mtu akiuliza, aseme amemwokota. Ndoo akaisukumia chini ya kitanda changu. Kwa nini changu, sijui. Labda alidhani Dada atakagua chake.

Lakini nimeruka siku ya kuwapima, na siku hiyo sina ruhusa ya kuiruka. Walikuwa na wiki tatu. Nilisimama kando ya meza na beseni la maji ya vuguvugu, kama kawaida. Wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu alikuwa jike, mnene, mstari wake umenyooka utafikiri umepigwa rula, mzuri kuliko wote. Vidole vya Baba vilipita kisogoni, vikashuka, vikarudi kisogoni tena. Ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nizaliwe. Baba hakutazama ukuta. Alikuwa anavitazama vidole vyake.

Ningesema, "Baba, hebu na mimi niguse." Mimi nashika uzi kutwa, fundo naliona hata umeme ukikatika. Mikono ilikuwepo, mdomo ulikuwepo. Lakini nilikuwa nimeahidi, na Dada alikuwa anakuja, na uso wa Baba ulikuwa uso ambao sikuweza kuupokonya kitu.

"Safi," akasema, kisha akanitazama mimi, akingoja.

"Safi," nikasema.

Wiki nane zilipotimia, Dada alikuja Jumamosi na binti yake wa miaka tisa. Tulikunywa chai. Mtoto alikwenda moja kwa moja kwa yule jike mnene, akamwita Karanga, na mambo yakaishia hapo. Baba alimfundisha namna ya kumbeba, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya matako, na Dada aliyatazama mafunzo hayo amesimama mlangoni, mikono ameikunja. Baba akatania kwamba mbwa huyo atakula kuliko baba mwenye nyumba. Dada akacheka. Kicheko chake nilikuwa nimekisahau, kinaanzia puani. Hakuuliza walizaliwa wangapi. Nadhani aliogopa jibu, na Baba aliogopa swali, hivyo wote wawili wakazungumza habari za chanjo.

Wakati wa kuagana aliushika mkono wa Baba kwa mikono yake yote miwili. "Asante, Baba." Basi lilipoondoka Baba aliuweka mkono ule mfukoni, akautunza humo mpaka nyumbani.

Miezi minne baadaye Dada alipiga simu akasema Karanga ana uvimbe kisogoni. Baada ya siku mbili ana homa. Baada ya siku nyingine tatu anaburuta miguu ya nyuma. Tulipanda basi la asubuhi, Baba na mimi, na njia nzima alikuwa akivifikicha vidole vyake kwa vidole vyake.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani na maneno ya haraka. Alikuwa amemnyoa Karanga kisogo. Pale kwenye ngozi tupu palikuwa na kitundu kama kilichotobolewa na pini yangu, na kishungi cha manyoya kimetokeza ndani yake. Alitueleza kwamba mrija umefika mpaka kwenye uti wa mgongo, usaha umeingia, na dawa alizompa hazijazuia kitu. Angeonekana akiwa mdogo, wangeutoa mrija kwa upasuaji, pengine angepona. Sasa imebaki sindano ya kumpumzisha. Mjukuu alikuwa nje kwenye ngazi ameshika mkanda wa shingoni wa mbwa wake, na baba yake amekaa naye.

Daktari hakujua anazungumza na nani, kwa hiyo alizungumza ukweli. "Kinachoniudhi ni wafugaji," akasema. "Wengine mpaka leo wanawaua wasio na mstari, na hali hao ndio wazima."

"Wazima vipi?" Baba akauliza.

"Mstari na huu mrija ni ndugu, mzee. Vinatoka kwenye damu moja. Asiye na mstari ni nadra sana kumkuta na tatizo hili."

"Nadra."

"Nadra sana."

Baba alikaa kwenye benchi. Midomo yake ilikuwa inacheza, na nilimjua, alikuwa anahesabu. Miaka kumi na tisa ya Bosi, na yake mwenyewe thelathini na ushei, kila uzao mmoja, kila uzao wawili. Akafika mahali akaacha.

Walipokwisha kumchoma Karanga ile sindano, Dada alitukuta kwenye ujia. Macho yake yalikuwa makavu, kama siku ya stoo.

"Baba, ulimpima?"

"Nilimpima."

"Kwa vidole vyako hivyo?"

"Kwa vidole vyangu hivi."

"Vidole vyako havijawahi kukosea. Mpaka leo watu wanavisimulia." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Basi ulijua. Ulijua ana uzi, ukamwacha kwa sababu ana mstari mzuri, ukampa mwanangu."

Baba alinitazama. Niliyaelewa macho yale. Yalisema, usimwambie mtu. Alikuwa radhi binti yake amwone mwovu kuliko amwone Kipimo asiyepima. Dada naye akanigeukia. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," nikasema. Nikaishia hapo.

"Nimekosa, mwanangu," Baba akamwambia, na Dada akachukulia kwamba amekiri.

Tuliporudi aliacha kufuga. Majike aliwagawa kwa watu aliowaamini, meza akaipasua kuni, ndoo akaitoa chini ya kitanda changu na sijui aliipeleka wapi. Jumapili simu haikulia. Kila siku saa nne asubuhi alibeba mfuko wa makombo na kwenda kwenye kona kwa fundi viatu, akarudi mchana. Nilidhani amefuata maongezi. Fundi yule ana maongezi.

Nilikaa kimya miezi mitano. Nilikuwa najiambia ni siri ya Baba, si yangu, na siri ya mtu ni amana. Halafu siku moja nilikuwa nafumua mshono wa sketi, uzi mmoja unatoka mrefu bila kukatika. Nikampigia Dada katikati ya siku ya kazi. Nilimwambia yote, ile pini, zahanati, meza, Baba kutazama vidole vyake, na mimi kusema "safi" kwa ngozi ambayo sikuigusa.

Nilimsikia akitoka nje na kufunga mlango.

"Siku ya stoo hukuulizwa, ukasema," akaniambia. "Kwa daktari nimekuuliza, ukanyamaza."

"Ndiyo, Dada."

"Una balaa wewe." Akakata.

Nililia juu ya sketi ya mtu. Lakini Mungu anisamehe, nilijisikia mwepesi. Ile fimbo ilikuwa imefika.

Jumamosi iliyofuata nikasikia hodi. Ni yeye, peke yake, hana hata mkoba. Hakukaa. "Baba yuko wapi?" Nikafunga cherehani, nikamwongoza mpaka kwenye kona.

Fundi viatu alikuwa chini ya turubai lake, misumari mdomoni. Baba amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo. Mbele yake amesimama mbwa mkubwa wa kahawia, kifua kipana, mgongo mtupu unaong'aa kuanzia shingoni hadi mkiani. Baba alikuwa amemvuta ngozi ya kisogo kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia anaifikicha, anashuka taratibu, anafika mkiani, anaanza upya.

"Karibuni," fundi akasema, akitema misumari kiganjani. "Msiogope, haumi. Mzee lazima ampime kila siku, mpaka mbwa mwenyewe amezoea, anajipanga."

Dada alikaa kwenye benchi la wateja. Akavua kiatu chake, ambacho hakikuwa na tatizo lolote, akampa. Fundi akakigeuza juu chini, akatutazama usoni, akashika sindano yake na kuanza kushona mahali pasipofumuka. Nasema ana maongezi, lakini pia ana akili.

"Huyu mbwa anaitwa nani?" Dada akauliza.

Baba alisikia sauti ile, mabega yakamganda. Hakugeuka.

"Mwenye jina ni mzee," fundi akasema. "Mimi nilitaka kumwita Simba, akakataa katakata. Alikuja nalo tayari. Anaitwa Tambarare."

Dada alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Maovu yangu ninayajua, lakini jina lile sikuwahi kulitoa kinywani.

Baba aliongea akiwa ameinamia mgongo wa mbwa. "Nilikusikia unamwita," akasema. "Siku ile, nimesimama mlangoni. Ulikuwa unamwambia, Tambarare, nyamaza, Baba atasikia." Akavirudisha vidole kisogoni. "Nikasimama pale nikisikiliza. Halafu nikafungua."

Fundi alivuta uzi wake. Dada akainuka na mguu mmoja peku, akapiga magoti upande wa pili wa mbwa, akanyoosha mkono juu ya ule mgongo, na ncha za vidole vyake akazilaza polepole juu ya ncha za vidole vya Baba.

Baba alikuwa amefumba macho. Alikuwa anangoja Dada aseme neno, lolote, au aondoke, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua ataondoka. Vidole havikumwambia kitu.

"Baba," nikasema. "Tazama mkono wako."